Duka la mtandaoni lililo zito: kwa nini wateja na Google hulipita

Katika miaka ya karibuni vikundi vingi vya uzalishaji mali vimeanza kuuza bidhaa zao kwa njia ya intaneti: kahawa iliyokaangwa, asali, batiki, vikapu na vinyago. Maombi ya fedha yanayotufikia kutoka kamati za sharika sasa yana kifungu ambacho zamani hakikuwepo, nacho ni “kuboresha tovuti ili ipande kwenye Google”. Mara nyingi kifungu hicho hakielezi ni kitu gani kitaboreshwa, nani atafanya kazi hiyo, wala kwa kipimo gani tutajua kwamba imefanyika. Wahisani nao wanatuuliza swali hilo hilo kutoka upande wa pili: je, fedha hizi zinanunua nini?

Katika makala hii tunapenda kueleza sehemu moja tu ya kazi hiyo, yaani kasi ya duka kufunguka. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ambayo kikundi kinaweza kuifanyia mengi kwa mikono yake na kwa gharama ndogo. Pili, ni sehemu ambayo ni rahisi sana kuuziwa maneno matupu, maana wengi wetu hatujui fundi anapimwa kwa nini.

Kasi ina uzito gani kwenye Google

Mwezi Aprili 2010 Google ilitangaza kwamba kasi ya tovuti imeingizwa katika vigezo vyake vya kupanga matokeo. Wakati huo huo ilieleza kwamba mabadiliko hayo yanagusa chini ya asilimia 1 ya utafutaji. Julai 2018 kigezo hicho kilipelekwa kwenye utafutaji unaofanywa kwa simu, na hapo pia ilisemwa wazi kwamba watakaoguswa ni wenye kurasa zinazochelewa kupindukia. Mwezi Mei 2020 vikatangazwa vipimo vitatu vinavyojulikana kwa jina la Core Web Vitals, ambavyo vilianza kutumika katika kupanga matokeo ya simu kati ya Juni na Agosti 2021, na matokeo ya kompyuta mwanzoni mwa 2022.

Tunazitaja tarehe hizi ili msomaji aone mambo mawili. Kasi ni kigezo cha siku nyingi, si uvumi wa mafundi. Lakini pia ni kigezo kidogo. Google yenyewe inaeleza kwamba kinachotangulia ni ukurasa kujibu kile alichotafuta mtu. Anayetafuta “vikapu vya ukindu” ataletewa kwanza kurasa zinazozungumzia vikapu vya ukindu, hata kama baadhi yake zinasuasua. Ila pale ambapo maduka kadhaa yanauza kitu kile kile na yameeleza vizuri sawasawa, ndipo kasi inapoamua nani atangulie. Unyoya mmoja huonekana kwenye mizani pale tu pande mbili zinapolingana.

Hivyo basi, fundi anayeahidi kwamba akiongeza kasi duka litakuwa la kwanza Google anaahidi asichokuwa nacho. Google imeandika katika miongozo yake kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Kamati ikiona ahadi ya namna hiyo kwenye makadirio, tunashauri iulize maswali kabla ya kusaini.

Kwa nini basi tujishughulishe na kasi? Kwa sababu aliye mbele ya duka si Google, ni mnunuzi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kampuni ya simu ya Vodafone nchini Italia. Walitengeneza kurasa mbili zinazofanana kabisa kwa macho, ofa ile ile na maneno yale yale, ila moja ikafanywa nyepesi. Wateja wakagawanywa, wengine wakafunguliwa hii na wengine ile. Ile nyepesi ilionyesha sehemu yake kuu kwa haraka zaidi kwa asilimia 31, na mauzo yake yakazidi ya mwenzake kwa asilimia 8. Bidhaa na bei vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni muda wa kusubiri tu.

Mwaka 2006 Google nayo ilieleza jaribio lake mwenyewe. Watu walikuwa wamesema wangependa kuona matokeo 30 kwa ukurasa badala ya 10. Walipopewa, utafutaji ulishuka kwa takriban asilimia 20, na sababu iliyotajwa ni kwamba ukurasa wa matokeo 30 ulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Watu hawakulalamika. Waliondoka tu. Mteja wa mtandaoni hana aibu ya kumtoka mwenye duka machoni pake, kama ilivyo sokoni ambako ukishika kikapu na kuulizia bei inabidi useme neno kabla ya kwenda zako.

Vipimo vitatu na maana yake

Kipimo cha kwanza kinahesabu sekunde zinazopita tangu mtu abonyeze kiungo hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane. Kwenye duka, kitu hicho kwa kawaida ni picha ya bidhaa. Sekunde 2.5 au pungufu huhesabiwa kuwa nzuri, na zaidi ya 4 huhesabiwa kuwa mbaya.

Kipimo cha pili kinatazama ukurasa unavyoitika mtu anapogusa. Mteja anagusa “Weka kikapuni”: je, inachukua muda gani hadi kitu kibadilike kwenye kioo? Kiwango kizuri ni milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kipimo hiki kiliingia rasmi Machi 2024 kikichukua nafasi ya kingine ambacho kilikuwa rahisi mno kukifaulu. Kwenye duka kina umuhimu wa pekee wakati wa kulipa. Mteja akigusa “Lipa” na asione chochote, atagusa tena. Kama duka halikutengenezwa kwa uangalifu, oda zinaingia mbili, na mama mweka hazina anatumia siku nzima kutafuta ni ipi iliyolipiwa kwa M-Pesa na ni ipi ya hewa.

Kipimo cha tatu kinahusu vitu kurukaruka. Wasomaji wengi wamepatwa na hili: unataka kugusa sehemu fulani, ghafla picha iliyochelewa inatokea juu, kila kitu kinasukumwa chini, na kidole kinaangukia pasipotakiwa. Kipimo hiki hakihesabiwi kwa sekunde bali kwa namba inayotokana na ukubwa wa sehemu iliyohama na umbali ilikohamia. Inatakiwa isizidi 0.1.

Jambo ambalo kamati nyingi hazijaelezwa ni kwamba vipimo hivi havitoki kwenye kompyuta ya fundi. Vinakusanywa kutoka kwa watu halisi waliotembelea duka kwa kutumia kivinjari cha Chrome, katika siku 28 zilizopita, na ukurasa unafaulu iwapo robo tatu ya matembezi yamefikia kiwango. Kama wateja wenu wengi wanatumia simu za bei ya chini mahali penye mtandao hafifu, hizo ndizo simu zinazowapa alama. Aidha, mnamo Oktoba 2023 Google ilitangaza kwamba imekamilisha zoezi la miaka kadhaa la kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa sura yake ya simu. Ile sura nzuri inayoonyeshwa kwenye ukuta wakati wa semina, kwa projekta, sio inayosomwa.

Picha, picha, picha

Tukiulizwa kikundi kianzie wapi, jibu letu ni picha. Katika maduka madogo ndiko uzito mkubwa unakolala, na ndiko mtu asiye fundi anakoweza kufanya kazi yote mwenyewe.

Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, na faili lake huwa na megabaiti 3 hadi 5. Kioo cha simu ya mteja kina upana wa pikseli kati ya 720 na 1,080. Maana yake ni kwamba simu ya mteja inalazimika kupokea picha kubwa mara nyingi kuliko inavyoweza kuonyesha, kisha inaibana na kuitupa ile ziada. Na ziada hiyo mteja ameilipia kwenye bando lake.

Tufanye hesabu. Tuseme kikundi cha batiki kimeweka vitambaa 20 kwenye ukurasa mmoja, na kila picha ina megabaiti 4 kama ilivyotoka kwenye simu. Ukurasa una megabaiti 80. Mtandao unaopitisha megabiti 3 kwa sekunde, ambao si mbaya kwa sehemu nyingi za vijijini, utahitaji sekunde 213 kuzipitisha, maana kila megabaiti 1 ni megabiti 8. Hizo ni zaidi ya dakika tatu na nusu. Sasa picha hizo hizo zipunguzwe hadi upana wa pikseli 400, ambao unatosha kabisa kwa picha ndogo za orodha, na kila moja iwe na kilobaiti 30. Zote 20 zinakuwa kilobaiti 600, na zinafika kwa sekunde 1.6. Vitambaa ni vile vile, na mteja wa simu hataona tofauti. Picha kubwa zaidi, ya upana wa pikseli 1,000 hadi 1,200, iwekwe kwenye ukurasa wa bidhaa moja moja, pale mtu anapotaka kuangalia mshono au mfumo kwa karibu. Hiyo inaweza kuwa na kilobaiti 100 hadi 150 bila kuharibika.

Maduka yaliyojengwa kwa WordPress hutengeneza nakala ndogo za picha yenyewe, na wengine hudhani kwamba basi kazi imekwisha. Haijaisha. Inategemea muundo wa duka unaita nakala ipi. Tumeona kurasa ambazo nakala ndogo zipo, zimekaa kwenye seva bila kazi, na ukurasa unaita ile kubwa. Njia rahisi ya kujua ni kufungua picha peke yake kwenye kivinjari na kutazama ukubwa wake.

Kupunguza picha hakuhitaji programu ya kununua. GIMP ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Squoosh hufanya kazi ndani ya kivinjari na huonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada, ili mtu aone mwenyewe anapoteza nini. Vilevile ni vema kuhifadhi picha kwa aina ya WebP, ambayo Google iliitoa mwaka 2010. Kwa ubora unaolingana, faili la WebP huwa dogo kuliko la JPEG kwa robo hadi theluthi moja, na tangu 2020 vivinjari vyote vikubwa vinaipokea.

Hapa tuongeze jambo ambalo mafundi huwa hawalisemi kwa sababu wao hawapigi picha. Picha yenye vitu vingi haibaniki sana. Kikapu kilichopigwa juu ya majani, na kuku wakipita nyuma, kitabaki kizito hata ukikipunguza, kwa sababu kila jani ni habari ambayo faili linapaswa kuibeba. Kikapu hicho hicho kikiwekwa mbele ya shuka jeupe lililonyooshwa, kivulini, faili lake linapungua sana na mteja anakiona vizuri zaidi. Batiki yenyewe ina michoro mingi na itakuwa na uzito wake, hilo halikwepeki. Lakini kamba ya kuanikia na ukuta wa jirani havina sababu ya kusafiri hadi Stuttgart.

Mambo mawili ya kumwagiza fundi kuhusu picha. La kwanza, picha zilizo chini ya ukurasa zisiitwe mpaka mteja ateremke kuzifikia, ila ile ya kwanza juu kabisa iitwe mara moja. Wengine huchelewesha zote kwa pamoja, na kipimo cha kwanza kinazidi kuharibika. La pili, upana na urefu wa kila picha uandikwe kwenye ukurasa, ili kivinjari kiache nafasi yake mapema. Hilo la pili peke yake humaliza sehemu kubwa ya ule urukaji tulioueleza.

Umbali nao ni muda

Wasomaji waliokuwa maofisini kabla ya 2009 watakumbuka intaneti ya madishi. Setilaiti zile hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha hata kabla kompyuta ya upande wa pili haijafikiri lolote. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilipozinduliwa Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010, muda huo ulipungua sana. Haukuisha, kwa sababu mwanga ndani ya kebo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde na si zaidi.

Chukua kebo ya kilomita 10,000 kati ya mteja na seva. Kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana ni kidogo, lakini kabla herufi ya kwanza ya duka haijafika, simu na seva huwa zimekwisha kusalimiana mara moja, zimekubaliana namna ya kufunga mawasiliano kwa usalama, na ndipo ombi lenyewe linapokwenda. Safari tatu, na wakati mwingine nne. Hapo sehemu tatu za kumi za sekunde zimekwenda, na ukurasa ukiita vitu kutoka kwenye seva nyingine tano, kila moja inaanza salamu zake upya.

Swali la kamati basi ni hili: wanunuzi wako wapi? Kama kahawa inanunuliwa zaidi Ujerumani na Sweden, seva iliyopo Ulaya inafaa, hata kama inawachelewesha kidogo walio ofisini hapa. Kama wanunuzi ni watu wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, kukodi seva Marekani kwa sababu tu ni rahisi ni kununua kucheleweshwa. Zipo pia huduma zinazoweka nakala za picha na mafaili ya duka kwenye miji mingi duniani, ili kila mteja apokee kutoka karibu. Cloudflare ni mojawapo, na ina kiwango cha bure kinachotosha duka dogo.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikakaa na mtandao dhaifu kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ukurasa wa kilobaiti 600 una nafasi ya kufika. Wa megabaiti 80 haufiki kabisa.

Mapambo na viongezo

Baada ya picha, mzigo wa pili ni programu ndogo ndogo zilizobandikwa kwenye duka mwaka hadi mwaka. Picha za mbele zinazojigeuza zenyewe. Kisanduku cha mazungumzo ambacho hakuna anayekijibu. Kipimo cha idadi ya wageni. Kisanduku cha Facebook. Aina nne za herufi, kila moja ikiwa ni faili la kupakua. Video ya kwaya inayojianzisha yenyewe, ambayo mteja aliyeko kazini huifunga haraka pamoja na duka zima.

Programu hizi zina gharama mara mbili, kwanza kusafirishwa, kisha kuendeshwa ndani ya simu. Simu ya bei ya chini ina ubongo mdogo. Ikishughulika kuzungusha picha za mbele haina nafasi ya kuitika mteja anapogusa “Weka kikapuni”. Ndiyo maana duka linaweza kuwa gumu hata kwa mtu mwenye mtandao mzuri.

Ushauri wetu ni kuviandika viongezo vyote kwenye karatasi, na mbele ya kila kimoja kuandika nani anakitumia na kwa kazi gani. Kisichokuwa na jina mbele yake kiondolewe. Tunajua hili huleta ubishi, hasa kuhusu zile picha zinazojigeuza, maana kila mwanakikundi anataka kazi yake ionekane mbele. Picha moja nzuri inayobadilishwa na mtu kila mwezi inafanya kazi hiyo bila kumchosha mteja. Video nayo inaweza kubaki kama picha tulivu yenye alama ya kuchezesha, na ikaitwa pale tu mtu anapoigusa.

Seva na kazi ya fundi

Yaliyobaki ni ya fundi, na tutayapita kwa haraka. Seva inatakiwa ianze kujibu ndani ya sekunde 0.8. Seva za bei nafuu hubeba tovuti nyingi pamoja, na jirani yako akipata wageni wengi wewe unachelewa. Fundi anaweza kupunguza hilo kwa kuhifadhi kurasa zikiwa tayari zimeandaliwa, badala ya kuziandaa upya kila mgeni anapofika. Ila aangalie sana: ukurasa wa kikapu, wa malipo na wa akaunti ya mteja visihifadhiwe namna hiyo kamwe, la sivyo mteja mmoja anaweza kuonyeshwa kikapu na anwani ya mwenzake. Mafaili ya maandishi yabanwe kabla ya kutumwa, jambo ambalo mara nyingi huyapunguza kwa theluthi mbili au zaidi na huhitaji mpangilio mmoja tu kwenye seva. Programu ya duka na lugha yake iwe ya toleo jipya, kwa ajili ya kasi na kwa ajili ya usalama.

Namna ya kupima

Google inatoa bure chombo kiitwacho PageSpeed Insights. Unaandika anwani ya ukurasa na baada ya muda mfupi unapewa majibu. Majibu hayo yana sehemu mbili zisizofanana, na kuzichanganya kumeleta ugomvi kati ya kamati na mafundi zaidi ya mara moja.

Sehemu ya juu, kama ipo, ni ya watu halisi wa siku 28 zilizopita. Hiyo ndiyo inayohusika na nafasi ya duka. Duka lenye wageni wachache huambiwa kwamba takwimu hazitoshi, na hilo si kosa la mtu. Sehemu ya chini ni jaribio lililofanywa papo hapo na mashine inayojifanya kuwa simu ya kiwango cha kati kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde. Hapo ndipo inapotoka ile alama ya 0 hadi 100 yenye rangi nyekundu, ya machungwa au ya kijani. Alama hiyo ni msaada wa kutafuta ugonjwa. Google haiitumii kupanga matokeo, na hubadilika kidogo kila unapopima. Fundi asiadhibiwe kwa kupata 78, wala asilipwe ziada kwa sababu amepata 100 kwenye ukurasa mtupu.

Mpime ukurasa wa mbele, ukurasa wa orodha na ukurasa wa bidhaa moja, kila mmoja mara tatu, na mwandike namba ya kati. Kisha achukuliwe mwanakikundi mwenye simu duni kuliko zote, azime Wi-Fi, afungue duka kwa bando la kawaida na ajaribu kununua hadi mwisho huku mwingine akihesabu kwa saa. Namba hizo, za kabla na za baada, ndizo tunazoomba ziambatanishwe kwenye taarifa. Mhisani anaweza kuzisoma bila kuwa fundi.

Kabla ya kusaini na fundi

Mkataba utaje vipimo na si maneno kama “kuboresha” au “kisasa”. Jina la duka kwenye mtandao liandikishwe kwa jina la kikundi, na maneno ya siri yawe na watu wawili wa kamati. Kama fundi atajenga duka upya, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye anwani yake mpya. Kurasa ambazo Google imezijua kwa miaka zikifutwa bila kuelekezwa, nafasi iliyopatikana kwa taabu inapotea, hata kama duka jipya lina kasi ya umeme. Sehemu ya fedha itumike kumfundisha mwanakikundi mmoja au wawili kupunguza picha, maana fundi ataondoka na vikapu vipya vitaendelea kusukwa.

Na kwa kuwa kasi ni unyoya kwenye mizani, maelezo ya bidhaa yasisahauliwe. Ukurasa unaofunguka kwa sekunde moja na kuandikwa “Kikapu Na. 14” hauna kitu cha kumjibu anayetafuta. Uandikwe umesukwa kwa nini, wapi, una ukubwa gani, unabeba nini na unaoshwaje, kwa lugha ya mnunuzi na kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia kutafuta.

Kuhusu muda: matokeo ya watu halisi hukusanywa kwa siku 28, kwa hiyo kazi inayokamilika leo haitaonekana yote kwenye vipimo kabla ya mwezi kupita, na nafasi kwenye utafutaji inaweza kuchukua muda zaidi. Wanunuzi wa zawadi za Krismasi huanza kutafuta mapema, na kifurushi nacho kinahitaji majuma kadhaa kufika Ulaya. Vikundi vinavyotegemea msimu huo visiache kazi ya picha hadi Novemba. Waianze Agosti, wakati wa mapumziko ya mavuno, na wapime tena mwishoni mwa Septemba.